Pijo la Marehemu Sostenes

Nyasubi, Kahama
3 Novemba 2024

Mwanangu Zipora,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako mdogo Mihayo, mzima kama chuma cha reli. Mama Vumilia anakusalimia. Goti linamsumbua, ila mdomo haujapata ugonjwa. Vumilia amejifungua dume. Nesi alipomweka kwenye mzani, mshale ulizunguka ukarudi ulipoanzia, wakaamua kuandika tu kwamba ni mkubwa. Mvua ya kwanza imenyesha. Msalimie mama yako, shemeji Paskalia.

Utashangaa barua katika zama hizi. Simu nimeiachia Mama Vumilia. Tangu nilipomtumia mtu maneno ya hasira kwa sauti, naye akayasambaza, nikipita vijiwe vya bodaboda wananifungulia sauti yangu mwenyewe nikifoka. Nimeapa neno langu litasafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi la Katoro.

Mtu huyo ni Ngassa. Nadhani umesikia, maana ubaya una miguu mirefu. Mwezi wa nane, kwenye mashindano ya ngoma pale uwanja wa mnada, kundi langu na kundi lake tulipangwa kuchezeana. Unajua desturi: makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa kamba, na watu wakikimbilia kwako umeshinda. Mimi kama kiongozi nilitangaza wiki nzima kwamba nitaingia uwanjani nikiendesha lile pikapu, Pijo. Lilikuwa limelala uani miaka mingi, nikalitia petroli na betri, likawaka kwa hasira. Kufika mbele ya watu injini ikakwama. Tukalisukuma. Wakati tunasukuma, kuku wawili wakatoka chini ya kiti wakilia, yai likadondoka mbele ya halaiki.

Ningi wake Ngassa, yaani mtunzi na mwimbishaji wao, hakungoja hata yai lipoe:

Mihayo ana gari, gari linaatamia,
Asubuhi hulimwagia mtama, jioni huokota mayai.

Zipora, watu waliruka kamba kwenda kwake kama maji ya bwawa lililopasuka. Nilibaki na wapiga ngoma wangu na mbuzi mmoja. Leo watoto wa Nyasubi wanauimba wakichota maji. Muuza mayai sokoni ananiita mtaalamu mwenzake.

Na uwanjani hakuna kukasirika. Anayekasirika ameshindwa mara mbili. Ulichoimbiwa unakijibu kwenye ngoma za mavuno yanayofuata, mbele ya watu wale wale. Basi nimeapa. Pijo hilo nitalifufua hapa uani kwangu kwa mikono hii, nilibadilishe hata waliolitengeneza Ulaya wakiliona walisalimie shikamoo. Nimeanza kukwangua kutu. Bodi nimeing'oa yote kutoka kwenye chesisi. Ninachokosa ni injini, na wewe hapo Katoro una duka la spea na unajuana na mafundi wa migodini. Nitafutie.

Ni mimi ninayekupenda, na simpendi Ngassa,
Baba yako mdogo, Mihayo


Katoro
24 Novemba 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi wazima. Mama alikuwa na malaria, amepona. Pongezi kwa Vumilia. Mvua imejaza mashimo maji, kwa hiyo pampu zinanunuliwa sana na mimi sina muda hata wa kunywa chai.

Habari ya Ngassa niliisikia. Wimbo nao niliusikia, bodaboda wa hapa wanaujua.

Sasa na mimi nina neno. Pijo ni la baba. Alipokuja kuchimba huku Geita alilileta kwako akasema, mama akiwepo na Mama Vumilia akiwepo, "Mdogo wangu nitunzie, hili ni la Zipora akipata leseni." Leseni ninayo, na kwako inajulikana, maana ulinipongeza.

Na lingine sijawahi kulitamka. Shimo lilipomfukia baba, tulikuomba uje na gari umchukue kaka yako. Ukasema klachi imekufa. Baba alirudi Kahama juu ya fuso la mawe ya dhahabu, mimi na mama tumekaa pembeni ya sanduku tukilizuia lisiteleze. Wiki hiyo hiyo, watu waliotoka Ushirombo waliliona Pijo mnadani kwao, limebeba ngoma zako.

Sikuuliza msibani. Leo nauliza. Klachi ilikuwa na nini?

Mtoto wako,
Zipora


Nyasubi
15 Desemba 2024

Mwanangu Zipora,

Barua yako imefika, wabeja, asante sana. Namshukuru Mungu shemeji amepona. Bahati mbaya kondakta aliiweka karibu na dumu la oili, ukurasa wa pili ukalowa wote, nikasoma hadi pale pa pampu na wimbo tu. Si neno, najua ulikuwa unanitakia heri.

Kazi inaendelea. Kutu ya sakafu ilikuwa imeshiba. Ukikanyaga unaona ardhi ya mababu. Nimekata mabati mapya nikachomelea mwenyewe. Fundi Mwita, yule Mkurya mwenye gereji njia ya Shinyanga, alikuja akatazama mshono wangu, akaugonga kwa nyundo mara tatu. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Mzee, hapa hata tembo hatatoka." Sifa kama hiyo Mkurya haitoi bure.

Kioo cha mbele nilikifuata Shinyanga mjini kwa wauza magari mabovu. Nimerudi nacho kwenye basi nimekipakata kama bibi harusi. Konda aliponiambia kiende kwenye buti, nilimtazama tu, akaomba radhi yeye na dereva.

Usione nahangaika. Gari hili na mimi tuna historia. Mwaka ule wa mafuriko, mto Manonga umefurika, malori yamepanga foleni kilomita nzima, nililiingiza mtoni na magunia ya pamba. Maji yalipanda hadi shingoni. Tulipotokea ng'ambo nikafungua kabureta, nikakuta kambare, nikampika palepale juu ya rejeta.

Ngassa juzi alipita hapa nje na pikipiki. Akapunguza mwendo, akaniuliza kuku wamehamia wapi. Niliendelea kupiga msasa, lakini bati lile lilipata adhabu isiyokuwa yake.

Injini, mwanangu. Usinisahau.

Wako katika hasira na upendo,
Mihayo


Katoro
16 Februari 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Samahani nimekaa kimya mwezi wa kwanza wote. Nilikuwa nafikiri.

Kama ukurasa ulilowa, basi ulilowa. Sitauandika tena.

Mama amecheka sana habari ya Manonga. Anasema aliyeshika usukani siku ile ni baba, na wewe ulikuwa juu ya magunia ukitubu dhambi zako zote kwa sauti. Kambare hamkumbuki.

Injini nimepata. Ni ya Hailaksi ya dizeli iliyopinduka njia ya Ushirombo. Kabini yake iliumia, injini haikuguswa. Nakutumia pamoja na giaboksi yake, shafti na difu ya nyuma, kwa sababu nyuma ya Pijo haitaivumilia hiyo nguvu. Pia klachi mpya kabisa, ipo kwenye boksi lake. Mpe Mwita akusaidie kutengeneza vishikizo vya kukalia injini, usichomelee peke yako.

Nauliza jambo moja tu. Mavuno haya, ningi wako ni nani?

Zipora


Nyasubi
9 Machi 2025

Mwanangu, tena mwanangu kwelikweli,

Mzigo umefika. Lori lilipoushusha, majirani walidhani nimenunua trekta. Mama Vumilia alipiga vigelegele akasahau goti. Nimemwambia Mwita aje. Nilimruhusu ashike spana, akili nikaitoa mimi.

Injini imekaa. Ilitubidi tukate ukuta wa mbele wa kabini kidogo na kusogeza rejeta, na ile gia ya kwenye usukani, Zipora, nimeitoa. Siku hiyo niliumia. Gia ile ukiivuta ilikuwa kama kumvuta mzee ndevu. Sasa gia iko chini kama magari ya watu wengine. Nyuma nimeweka springi za tela, nimenyanyua bodi, na juu ya tandiko la mizigo nimechomelea jukwaa lenye mabomba ya kushikilia: ngoma kubwa mbele, spika pembeni, na nafasi ya ningi kusimama juu kabisa. Honi ni ya lori la mafuta. Niliijaribu Jumapili. Kanisani waliimba wimbo wa kufunga ibada, wakatawanyika.

Tulipowasha mara ya kwanza, moshi mweusi ulifunika ua, kisha ikatulia, ikawa inanguruma chini chini kama chui aliyeshiba. Mwita alivua kofia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kidogo, vumbi liliniingia machoni.

Rangi ni nyekundu. Mbele kwa herufi za njano nimeandika MIHAYO HASHINDWI.

Umeuliza ningi. Ulinichoma kidonda. Ningi wetu mkubwa alikuwa baba yako, na tangu aende hatujapata sauti. Huyu tuliye naye anaimba kama anayeomba msamaha. Wewe unaimba kwaya hapo Katoro, na watu wanasema Sostenes amebaki kooni mwako. Njoo usimame juu ya Pijo, umwimbie Ngassa hadi arudi kwa mama yake. Nataka aone aibu ikitembea kwa miguu. Nataka watoto wake wauimbe wimbo huo bila kujua ni wa baba yao. Siwezi kulala vizuri nikijua mtu yule anakula anashiba.

Niambie utakuja.

Mihayo


Katoro
4 Mei 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako nilikaa nayo. Mama nilimsomea, aliinuka akaenda jikoni.

Nitakuja. Lakini kwa utaratibu wangu. Beti nitakuja nazo kichwani, sitaziandika wala kuzifanyia mazoezi, zisije zikavuja kwa Ngassa. Nakutumia kibwagizo tu. Wafundishe kundi zima, wanawake na wapiga ngoma, hadi wakiitike usingizini:

Arudishe, arudishe,
Cha mtu ni cha mtu, arudishe.

Wafundishe wewe mwenyewe. Wanakuheshimu.

Mlangoni upande wa dereva kulikuwa na jina la baba, aliliandika kwa brashi. Mmelihifadhi?

Zipora


Nyasubi
8 Juni 2025

Zipora mwanangu, malkia wa sauti,

Hapa wote wazima. Mjukuu ameota jino, ameng'ata kijiko kikapinda. Pamba mwaka huu nzuri.

Kibwagizo kimenivunja mbavu. Arudishe. Nimekielewa palepale: Ngassa alitunyang'anya heshima yetu na ushindi wetu, sasa arudishe. We mtoto una sumu. Nawafundisha kila jioni hapa uani, nasimama juu ya jukwaa la Pijo na fimbo. Wakiitika kilegevu nawarudisha mwanzo. "Mnaogopa nini? Mwizi ni mwizi hata akiwa jirani yenu. Mwambieni usoni." Jana waliitika hadi mabati ya nyumba yakatikisika. Mama Vumilia peke yake hakuitika. Nilimuuliza, akasema koo linamuuma. Ndiyo maana nasema wanawake wengine wanaharibu kundi.

Ngassa ameanza kuhaha. Ametuma mtu kuchungulia kwenye ua, nikamfungulia honi, aliacha kandambili moja. Nimeitundika getini.

Suala la mlango, kutu ilikuwa imeula. Usiulizie tena mambo ya kutu.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, uwanja wa mnada. Uje na gauni jeupe.

Anayengoja kwa meno,
Mihayo


Nyasubi
3 Agosti 2025

Zipora,

Tumeshinda. Naanza na hilo kabla ya salamu ili lisisahaulike.

Salamu kwa shemeji.

Wewe ulikuwa juu, hukuona. Mimi nilikuwa chini, niliona yote, ngoja nikueleze. Tulipoingia na honi, nusu ya uwanja iligeuka. Pijo liling'aa hadi ng'ombe waliokuwa wanauzwa wakakataa kutembea. Watu walianza kuja upande wetu, na Ngassa nilimwona, uso umemkunjamana kama ndizi ya juzi. Moyoni nikasema kunywa, ngosha, mwanamume we, kunywa hadi mwisho, kikombe ni chako.

Ukapanda. Ukaanza:

Sostenes alikwenda shimoni, gari kaliacha kwa ndugu;
Ndugu kalipaka rangi, kaliandika jina lake.

Nikadhani umekosea beti. Nilikupigia mluzi. Kundi likaitika, arudishe, arudishe, kwa nguvu ile ile niliyowafundisha mimi. Hata wapiga ngoma walikuwa hawajasikia maneno, midomo ilikuwa inakwenda yenyewe. Kisha ukasema:

Maiti ilipanda fuso, ikalala juu ya mawe;
Pijo lilikuwa Ushirombo, limebeba ngoma kucheza.
Enyi mliokula naye ugali, nisaidieni kuuliza:
Mlinzi wa shamba akishavuna, mwenye shamba ale nini?

Hapo vichwa vyote vilinigeukia, na hizo ndizo sekunde mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi, na mimi nimewahi kukutana na simba Bukombe. Halafu watu wote wakaitika. Si kundi langu. Uwanja mzima. Wauza samaki, wachunga ng'ombe, wazee wenye mikongojo. Na upande wa pili watu wa Ngassa waliruka kamba wakaja kusikiliza, wapiga ngoma wake wakaja, na Ngassa mwenyewe akaja, akasimama karibu yangu kama hapa na mlango, akaitika arudishe huku ananitazama. Upande wake hakubaki hata mbuzi. Waamuzi hawakuwa na la kujadili.

Kwa hiyo nimemshinda Ngassa, na andika hivyo popote utakapoandika.

Nikikasirika ningekuwa nimeshindwa, na ushindi wote ungekwenda kwake. Ndiyo maana nilipanda jukwaani nikakupa ufunguo mbele ya watu na kukukumbatia. Nilikuwa nimekusudia kukupa tangu zamani. Wengi waliniona mkarimu. Wewe ulipochukua ufunguo ulininong'oneza neno sikioni, sitalirudia hapa.

Wewe kuondoka na gari jioni ile ile, na spika zetu zikiwa juu, hiyo sikuitegemea. Nilirudi nyumbani nyuma ya bodaboda nimeshika kombe. Mama Vumilia alikuwa ameshafika, ameshapika, anaimba. Koo limepona.

Klachi ilikuwa mbovu. Hilo ndilo neno langu.

Mihayo


Katoro
14 Septemba 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Spika zimekuja na basi, nadhani umezipata.

Siandiki kukushukuru kwa gari. Hukunipa. Watu elfu walikutazama, mkono wako ukaachia ufunguo wenyewe. Ukisema ulikusudia, sema kwa wageni.

Nilikunong'oneza hivi, kama umesahau: "Sasa jibu." Bado nangoja, na nikiona umeandika tena kwamba ilikuwa mbovu najua utakufa nalo. Sawa. Nami nitaishi nalo, tumegawana.

Gari ni zuri. Hilo nalisema kwa haki, umelitengeneza vizuri, na mishono yako haijaachia hata kwenye barabara za huku. Jukwaa nimelikata. Nimeweka turubai na tandiko la mbao, urefu wa mtu aliyelala. Mtu akifia mashimoni, wachimbaji wanakuja kugonga hata alfajiri, nawasha, nampeleka kwao. Bariadi nimekwenda, Bukombe nimekwenda, Kigoma karibu nifike. Wananiuliza gari la nani, nawaambia la Sostenes. Mama hukaa mbele nami.

Ngassa alinitumia ujumbe, anataka nikawe ningi wake mavuno yajayo. Nimemwambia nina kundi langu. Wale wapiga ngoma wako wawili wamehamia huku.

Zipora


Nyasubi
5 Oktoba 2025

Zipora,

Nimepata. Hatujambo. Mjukuu anatembea, kaanguka mara moja tu, ardhi ikaumia.

Wapiga ngoma hao wawili waambie warudishe fulana zangu.

Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mabasi. Ngassa alikuja hapa wiki iliyopita. Alisimama getini, akatazama kandambili ya mtu wake, akacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini. Akasema, "Mihayo, wewe ulinifanya kichekesho mwaka mmoja, mimi nilikufanya kichekesho mwaka mmoja. Yule mtoto ametufanya kichekesho wote wawili siku moja, na amechukua watu wetu." Nikamwambia akae. Mama Vumilia alileta uji akatuangalia kama anaangalia paka na panya wamelala kitanda kimoja.

Tumekubaliana. Mavuno yajayo kundi langu na kundi lake ni kundi moja. Ua wangu umejaa tena. Nimenunua Datsun ya mzee mmoja wa Shinyanga, haina sakafu, haina milango, injini ilishauzwa, lakini chesisi yake, mwanangu, ni mfupa wa dinosaria. Ngassa anakwangua kutu upande wa kushoto, mimi upande wa kulia. Hajui kushika msasa. Namfundisha kwa matusi, anajibu kwa matusi, kazi inakwenda.

Ningi tunaye. Humjui na sitakutajia. Sisi nasi kibwagizo tutakupa siku hiyo hiyo.

Usiniandikie tena barua. Ukiwa na neno, lilete uwanjani, na uje na gari lako ili watu waone tulilolishinda. Mimi na Ngassa tutakuwa upande wa pili, tumesimama bega kwa bega, na Mungu atusamehe, tunakusubiri kwa furaha.

Baba yako mdogo, mdogo wa Sostenes,
Mihayo